Amplifaya Kwanza, Pedali Baadaye: Namna ya Kuoanisha Amplifaya ya Gitaa na Pedali za Ovadraivu na Distosheni

Ukimsikia mpiga gitaa mwenye sauti nene inayokwaruza kwa utamu, swali la kwanza huwa ni pedali gani, yaani kiboksi cha kukanyaga kinachobadilisha sauti, iko mguuni pake. Swali hilo linagusa nusu tu ya jambo. Nusu nyingine imesimama nyuma yake: amplifaya. Pedali ileile ukiifikisha nyumbani inaweza kukutolea mlio mwembamba wa kuchoma masikio, na hakuna kilichoharibika.

Pedali haitoi sauti hewani. Inapeleka umeme mdogo ndani ya amplifaya, na huko ndiko kunakoamuliwa masafa yapi yapandishwe, yapi yashushwe, na uchafu, yaani ule mkwaruzo wa sauti iliyozidiwa, uanzie wapi. Kwa hiyo tutaanza na amplifaya, tuje kwenye pedali, halafu ndipo tuzikutanishe.

Hatua ya 1: Isikilize amplifaya ikiwa peke yake

Chomoa pedali zote. Chomeka gitaa moja kwa moja, volyumu ya gitaa iwe mwisho, nobu za besi, midi na trebo ziwe katikati, rivabu izimwe. Anza na volyumu ndogo, piga kodi ya nyuzi zote sita kwa nguvu, kisha panda kidogo kidogo. Utafika mahali ambapo ukipapasa nyuzi sauti inabaki safi, lakini ukizichapa inaanza kukwaruza. Huo ndio mpaka. Uwekee alama kwa kipande cha utepe, maana karibu kila uamuzi unaofuata unategemea uko upande gani wa mpaka huo. Kama amplifaya yako ina gaini (nobu inayokuza umeme wa gitaa mwanzoni) na masta (volyumu ya mwisho), fanya jaribio hili kwa nobu ya gaini. Masta itumie kupanga ukubwa wa sauti chumbani tu.

Amplifaya ya valvu, yaani mirija ya kioo inayokuza umeme, huuvuka mpaka polepole. Valvu za mwanzo huzidiwa kwanza, zile za nguvu hufuata, na wimbi la sauti hupindwa vilele vyake badala ya kukatwa ghafla. Amplifaya nyingi za transista hubaki safi hadi uwezo wake uishe, kisha hukata kwa mara moja na kuudhi masikio. Ukiwa na ya transista, kaa chini ya mpaka na uiachie pedali kazi yote ya kuchafua. Hilo si upungufu. JC-120 ya Roland, iliyotoka mwaka 1975, haina valvu hata moja, na usafi wake ndio umeifanya idumu majukwaani.

Tahadhari mbili kwa wenye valvu. Usiiwashe amplifaya ikiwa haijaunganishwa na spika, kwani transfoma ya kutolea sauti inaweza kuungua. Na usiifungue kama hujafunzwa kazi hiyo: ndani mna volti mia kadhaa, na kapasita zinaweza kuzishikilia hata baada ya kuchomoa waya ukutani.

Jaribio la pili ni la masafa. Ukiwa bado na sauti safi, jiulize: kifua cha sauti kiko wapi? Amplifaya za ukoo wa Fender, kama Twin Reverb ya wati 85 na Deluxe Reverb ya wati 22, zina besi pana na trebo inayong'aa, lakini masafa ya kati yamebonyea. Za ukoo wa Marshall zinasukuma masafa ya kati mbele. Ajabu ni kwamba koo hizi ni ndugu: JTM45, Marshall ya kwanza kabisa ya mwaka 1962, ilijengwa kwa kufuata ramani ya mzunguko wa Bassman, amplifaya ya Fender. Mabadiliko ya valvu, spika na vijisehemu vichache yalitosha kuzaa tabia tofauti. AC30 ya Vox, yenye valvu nne za EL84, ina trebo kali ya kumeremeta na huanza kukwaruza mapema. Amplifaya nyingi za bei yoyote zinaegemea mojawapo ya tabia hizi, hata kama jina lililoandikwa usoni ni jingine. Ya kwako iandikie sentensi moja, kwa mfano: "safi sana, kati imebonyea, trebo kali". Sentensi hiyo itakusaidia zaidi kuliko orodha ya pedali mia.

Hatua ya 2: Fahamu pedali inafanya nini kwa wimbi lako

Pedali zote hizi hukuza wimbi kisha hukata vilele vyake. Tofauti iko kwenye namna ya kukata, na kwenye masafa yanayotolewa kabla na baada ya kukata.

Katika ovadraivu kama Tube Screamer ya Ibanez, iliyoanza na TS808 mwaka 1979, diodi, vile vipande vinavyokata vilele, zimewekwa ndani ya mzunguko wa kukuza sauti wenyewe, kwa hiyo vilele vinalainishwa. Ukipiga kwa upole uchafu unapungua, ukichapa unaongezeka. Lakini siri ya pedali hii haiko kwenye diodi. Besi hupunguzwa kabla ya kukatwa, trebo hupunguzwa baadaye, na kinachobaki ni kilima cha masafa ya kati karibu na Hz 720. Mpigaji anayeilalamikia Tube Screamer kwamba "inabana pua" mara nyingi ameiweka mbele ya amplifaya ambayo tayari ina kati nyingi.

Katika distosheni kama DS-1 ya Boss ya mwaka 1978, au RAT ya ProCo, diodi zinakuja baada ya kikuzaji na zinapeleka kilichozidi ardhini, yaani kwenye ethi ya mzunguko. Vilele vinakatwa bapa. Matokeo ni uchafu mwingi ambao haubadiliki sana upige kwa nguvu au kwa upole, na noti inayovuta muda mrefu. RAT ina jambo moja linalowachanganya wageni: nobu yake ya filta hufanya kazi kinyume na toni ya kawaida. Ukiizungusha kulia, trebo inapungua.

Kuna pia fazi (fuzz), pedali ya uchafu mzito na babu yao wote, ambayo Fuzz Face ya mwaka 1966 ndiyo mfano unaojulikana zaidi, na Big Muff ya Electro-Harmonix, ambayo wengine huihesabu fazi na wengine distosheni. Ugomvi huo hauna faida. Kinachokuhusu ni kwamba Big Muff imebonyea katikati, hivyo ikikutana na amplifaya iliyobonyea katikati, utapata sauti kubwa mno ukiwa peke yako na utapotea kabisa bendi ikianza.

Usiyaamini sana maneno yaliyoandikwa kwenye boksi. Baadhi ya pedali zinazoitwa ovadraivu, Blues Driver ya Boss ikiwa mojawapo, zinapitisha besi na trebo nyingi kuliko Tube Screamer na zikifunguliwa mpaka mwisho zinakaribia fazi. Sikiliza mambo mawili tu: inabakisha masafa gani, na inaitikia mkono wako kiasi gani.

Hatua ya 3: Chagua mojawapo ya ndoa tatu

Hapa ndipo kazi ilipo.

*Amplifaya safi, pedali inachafua.* Amplifaya iko mbali chini ya mpaka. Pedali ndiyo inayotengeneza sauti yote, kwa hiyo kasoro zake zote zitasikika. Anza kwa levo (ukubwa wa sauti inayotoka kwenye pedali) ya usawa: washa na zima pedali huku ukirekebisha levo hadi ukubwa wa sauti uwe uleule. Usiruke hatua hii. Sikio hudhani kila kilicho kikubwa zaidi ni kizuri zaidi, na pedali mbaya yenye levo ya juu itakudanganya mchana kweupe. Kisha weka draivu (kiasi cha uchafu) robo, toni chini kidogo ya katikati, na upande kutoka hapo.

Kwa amplifaya safi iliyobonyea katikati, Tube Screamer na jamaa zake hufanya vizuri kwa sababu kilima kinaingia kwenye bonde. Stevie Ray Vaughan, mpiga gitaa wa bluzi wa Marekani, aliipiga mbele ya amplifaya za Fender, na ndoa hiyo imeigwa mpaka leo kwa sababu hesabu yake inakubali. DS-1 kwenye amplifaya yenye trebo kali ni jaribio la uvumilivu. Toni ishushe hadi robo, hata chini yake, na usione haya. Nobu iliwekwa ili izungushwe. RAT ni rahisi zaidi hapa, kwani ukipitisha filta katikati kuelekea kulia, ule ukali wa amplifaya safi unatulia.

Ukiona distosheni moja inakupa uchafu wenye ukavu, jaribu ovadraivu mbili zenye draivu ndogo zikifuatana. Kila moja inakata kidogo, na jumla yake ina mwili zaidi kuliko pedali moja iliyobanwa mpaka mwisho. Binafsi, nikipewa amplifaya safi nisiyoijua, hii ndiyo njia ninayoanza nayo.

*Amplifaya mpakani, pedali inasukuma.* Hii ndiyo ndoa tamu kuliko zote, na ndiyo inayoharibiwa na watu wengi kwa kugeuza nobu upande usiofaa. Iweke amplifaya palepale ulipoweka utepe. Kwenye pedali, draivu iwe karibu na sifuri, levo ipande hadi robo tatu au zaidi, toni katikati. Ukibonyeza pedali hutasikia sauti ikiwa kubwa sana, utasikia ikinenepa. Glasi ikishajaa maji, ukiendelea kumimina kimo hakipandi, maji yanamwagika; hapa kinachomwagika ndicho utamu unaoutafuta. Sehemu kubwa ya uchafu inatoka kwenye valvu, na pedali inachagua tu ni masafa gani yazisukume zaidi.

Kwa hiyo pedali ichaguliwe kwa kuangalia amplifaya inachafukaje. Ikiwa besi yake inalegea ikizidiwa, kama amplifaya nyingi za Fender zinavyofanya zikipandishwa, chukua pedali inayopunguza besi. Ikiwa ni ya ukoo wa Vox, kuwa mwangalifu na pedali zenye trebo nyingi, isipokuwa kama huo ndio mlio unaoutaka: Brian May, mpiga gitaa wa bendi ya Queen, ameisukuma AC30 kwa kipandisha trebo kwa miaka mingi, na noti zake za solo zinaimba. Ila anapiga amplifaya ikiwa wazi kabisa, ambapo trebo ya ziada inakatwa na valvu zenyewe. Ukifanya hivyo kwa volyumu ya chumbani, utapata sindano. Ikiwa ni ya ukoo wa Marshall, kati ipo ya kutosha. Pedali isiyo na kilima kikubwa, au kipandisha sauti kisichochafua chochote, itakupa nafasi ya kupumua.

Ndoa hii ina zawadi yake. Ukishusha volyumu ya gitaa hadi robo tatu, uchafu unapungua na unapata sauti ya rizimu bila kugusa pedali. Ukirudisha, solo iko tayari. Mguu unapumzika, mkono unafanya kazi.

*Amplifaya chafu, pedali inakaza.* Una chaneli yenye gaini kubwa, na ukizima nyuzi kwa kiganja noti za chini zinavurugika kama zinakuja zimechelewa. Weka ovadraivu ya aina ya Tube Screamer mbele yake: draivu sifuri, levo mwisho, toni katikati. Kisha punguza gaini ya amplifaya kidogo. Pedali imeondoa besi kabla haijaingia kwenye uchafu, na besi isiyoingia haiwezi kuvuruga. Wapiga metali wengi wanaotumia amplifaya zenye gaini ya kupindukia huweka ovadraivu ndogo mbele kwa sababu hiyo, wala si kwa kutafuta uchafu zaidi.

Usichopaswa kufanya ni kuiwasha distosheni yenye draivu nyingi juu ya chaneli ambayo tayari imechafuka. Unapata uvumi mkubwa, fidibaki kila ukinyamaza, na kodi ambazo hazitambuliki. Ukitaka sauti ya distosheni, rudi kwenye chaneli safi.

Hatua ya 4: Panga nobu kwa ukubwa wa sauti utakaopigia

Masikio yetu hayasikii besi na trebo vizuri sauti ikiwa ndogo. Ndiyo maana ukipanga sauti chumbani usiku, mkono unaongeza besi, unaongeza trebo na kushusha midi, na unaridhika. Panda jukwaani kwa mpangilio huohuo: besi inagongana na gitaa la besi na ngoma, trebo inagongana na matoazi, na sehemu ya kati, ambayo ndiyo nyumbani kwa gitaa, umeiacha tupu. Kwa mazoezi ya bendi, anza na midi juu ya katikati na besi chini ya katikati. Ukiwa peke yako itakuudhi. Ngoma zikiingia utaelewa.

Draivu nayo ipunguze. Ukubwa wa sauti wenyewe huongeza unene, kwa hiyo uchafu uliotosha chumbani huwa umezidi jukwaani. Kipimo changu ni kodi: piga kodi yenye noti nne tofauti, na kama husikii kila noti, shusha draivu hadi uzisikie.

Panga pia ukiwa umesimama mbali kidogo, sikio likiwa usawa wa spika. Spika ya gitaa hutupa trebo mbele moja kwa moja. Ukisimama karibu nayo huku sauti ikiipiga miguu yako badala ya masikio, utaongeza trebo ambayo watazamaji hawajaiomba.

Hatua ya 5: Mpangilio wa pedali na umeme

Fazi ya aina ya Fuzz Face iwe ya kwanza baada ya gitaa, kwa sababu inataka kuunganishwa na pikapu (sumaku za gitaa zinazonasa mtetemo wa nyuzi) bila bafa, yaani saketi ya kuimarisha umeme wa gitaa, katikati. Ifuate ovadraivu, kisha distosheni. Ovadraivu ikiwa mbele ya distosheni, ukiiwasha unapata uchafu zaidi. Ukiigeuza ikawa nyuma, unapata ukubwa na rangi ya ovadraivu juu ya uchafu uleule, mradi amplifaya bado ina nafasi ya kukua. Jaribu zote mbili. Hakuna sheria hapa.

Dilei na rivabu zikae baada ya uchafu. Ikiwa uchafu unatoka ndani ya amplifaya yenyewe, tumia lupu ya efekti, yaani matundu mawili ya nyuma, la kutolea na la kurudishia. Mwangwi ukichafuliwa unageuka tope.

Kuhusu umeme, pedali nyingi hutumia volti 9 zenye hasi katikati ya plagi, lakini fazi za zamani na nakala zake mara nyingine huwa kinyume. Soma lebo kila mara. Usipeleke volti 18 kwenye pedali ambayo haikuandikwa kuzikubali. Ukisikia uvumi pedali kadhaa zikiwa kwenye adapta moja, jaribu kuwasha moja kwa betri. Uvumi ukitoweka, unahitaji pawasaplai yenye matundu yaliyotenganishwa. Na ukitumia betri, ukimaliza chomoa kutoka kwenye pedali waya unaotoka kwenye gitaa, kwa sababu tundu hilo la pedali ndilo swichi: waya ukibaki, betri inaendelea kuliwa hata taa ikiwa imezimwa.

Ukikwama

Mlio wa kuwasha masikio wakati umechomeka pedali moja kwa moja kwenye mikisa: kinachokosekana ni spika ya gitaa. Spika hizo huporomosha masafa yaliyo juu ya kHz 5 hivi, na bila kichujio hicho kila distosheni inakera. Tafuta kifaa au programu inayoiga kabati la spika.

Sauti nyembamba kwenye amplifaya yenye spika ya inchi 8: usiidai besi ambayo haiwezi kuitoa. Ovadraivu yenye kati nyingi itasikika vizuri kuliko Big Muff.

Pedali iliyokuwa tamu kwa gitaa moja inavurugika kwa jingine: pikapu za hambaka (zenye koili mbili) kwa kawaida hutoa umeme mwingi na zina kati nene kuliko za koili moja. Shusha draivu kabla hujagusa toni, kisha shusha pikapu yenyewe kidogo kutoka kwenye nyuzi kama bado.

Na ukienda kununua, beba gitaa lako na omba amplifaya inayofanana na sentensi uliyoiandika katika hatua ya 1. Kama dukani hakuna ya namna hiyo, waombe wakuruhusu kuirudisha pedali ukishaijaribu kwenye ya kwako.